Sura ya Sita: Mzigo wa Tope

Chura wa Kihansi ni mdogo mno. Jike aliyekomaa hafiki urefu wa sentimita 3, dume hafiki hata 2, na rangi yao ya manjano unaiona vizuri tu ukichuchumaa na kutenganisha majani. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Huzaa watoto waliokamilika, wa milimita 5 hivi, wenye miguu minne na tayari kuruka. Makazi yake yote yalikuwa hekta 2 hivi za mimea iliyolowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, pale milima ya Udzungwa inapokatika ghafla kuelekea bonde la Kilombero. Hakuna mahali pengine duniani alikokuwa akiishi.

Watafiti walimgundua mwaka 1996. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliomwandika rasmi baadaye, kwa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis. Kufikia hapo ujenzi wa bwawa la umeme juu ya korongo ulikuwa umeshika kasi. Tanzania ya miaka ile ilikuwa inaishi kwa mgao wa umeme, na Kihansi ilikuwa zawadi adimu: mto usiokauka, unaoporomoka karibu mita 850 katika umbali mfupi, wenye uwezo wa kuzungusha mitambo ya megawati 180. Maji yalipogeuzwa kupitia njia ya chini ya mlima mwaka 2000, asilimia 90 hivi ya mto iliondoka korongoni. Manyunyu yakakatika. Mimea ikaanza kukauka, na vyura wakaanza kupungua.

Waliohusika hawakukaa tu kutazama. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 500 hivi walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Mwaka 2001 mabomba ya kunyunyizia yalitandikwa korongoni ili kuigiza yale manyunyu yaliyopotea. Na yalisaidia. Hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura wapatao 20,000, idadi iliyowapa watu matumaini ya kweli. Kisha, katika muda wa miezi michache, wakatoweka. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu, na madume wawili wakasikika wakiita. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini.

Nini kilitokea kati ya Juni 2003 na Januari 2004? Mambo matatu yalikutana. Mabomba ya kunyunyizia yalisumbua wakati wa kiangazi. Ukungu wa kitridi, ugonjwa unaoangamiza vyura katika mabara mengi, uligundulika kwa vyura waliokufa. Na milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda mfupi ili kusukuma nje tope lililokuwa limejikusanya ndani. Vipimo vya tope hilo vilionyesha kuwa lilikuwa na viuatilifu vinavyotumika katika mashamba ya mahindi ya huko juu.

Wataalamu wengi wanauhesabu ukungu kuwa mshukiwa mkuu, nami sina sababu ya kuutetea. Lakini lile jambo la tatu linanikera kila ninapolifikiria, kwa sababu halikuhitaji ugonjwa kutoka mbali. Lilihitaji mkulima anayepulizia mahindi yake, mvua ya kawaida ya kila mwaka, na mto. Vitu hivyo tunavyo kila mahali, kutoka Tarime hadi Mbinga, kutoka Kitale hadi Masaka.

Tuanze na mkulima. Nyanda za juu za Mufindi na Kilolo, ambako Kihansi na vijito vyake huanzia, zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Mei. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza. Wiki chache baadaye funza wa mabua wanaingia kwenye moyo wa mmea, na tangu mwaka 2017 ameongezeka kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kusambaa barani kwa kasi ya kutisha. Mkulima anabeba bomba mgongoni na kupulizia. Anayemlaumu hajawahi kuliona shamba lililoliwa lote kwa wiki mbili, na ada ya shule imo humo humo shambani.

Sehemu ya dawa inabaki kwenye jani. Sehemu kubwa ya iliyosalia inaangukia udongo, ama moja kwa moja kutoka kwenye bomba, ama baadaye mvua inapoosha majani. Swali la msingi ni hili: ikishafika kwenye udongo, inaelekea wapi?

Jibu linategemea tabia ya dawa yenyewe. Atrazini, inayotumika kuua magugu, huyeyuka vya kutosha kusafiri na maji, na ndiyo maana hupatikana hata kwenye visima. Lakini viua wadudu vingi havipatani na maji. Vina asili ya mafuta. Vikiwekwa kati ya maji na kitu kingine chochote chenye mboji au mfinyanzi, vitachagua hicho kitu kingine, na vikishashika ni vigumu kuvitoa, kama masizi yaliyogandamana na sufuria. DDT ni ya tabia hii. Vivyo hivyo jamii ya pairethroidi, zile sipamethrini na lambda-sihalothrini zinazojaa katika maduka yetu ya pembejeo, zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto ambalo Iringa na Nakuru wamelilima kwa miongo mingi. Hata glaifoseti, ingawa huyeyuka majini kwa urahisi, hushikwa kwa nguvu na mfinyanzi na udongo wenye chuma kingi, ule mwekundu wa milimani kwetu.

Chembe ya mfinyanzi ina upana usiozidi sehemu 2 za elfu moja za milimita. Kwa kuwa ni ndogo hivyo, gramu moja tu ya baadhi ya aina za mfinyanzi, ukiweza kuzitandaza chembe zake zote, ina eneo la uso la mamia ya mita za mraba. Hapo ndipo sumu inapokaa. Na chembe hizo ndizo za kwanza kuondoka shambani.

Mvua za mwanzo za msimu huikuta ardhi ikiwa wazi. Jembe limepita, magugu yameondolewa, mahindi bado ni machipukizi. Kila tone zito linapopiga ardhi iliyo wazi hurusha udongo juu, na chembe nyepesi huingia kwenye maji yanayotiririka, mchanga ukibaki nyuma. Mifereji midogo inachimbika kati ya mistari, inaungana, inafika kijitoni. Kwa hiyo kilo moja ya tope linaloingia mtoni huwa na sumu nyingi kuliko kilo moja ya udongo uliobaki shambani, kwa sababu mvua imekwisha kupepeta: imeacha kokoto na mchanga, imechukua mfinyanzi na mboji pamoja na kilichoshikamana navyo. Mkulima anapoteza mara mbili, rutuba yake na dawa aliyoinunua kwa shida.

Mito haibebi tope kwa kiasi kilekile kila siku. Mito mingi ya milimani hupitisha sehemu kubwa ya tope la mwaka mzima katika siku chache tu za mafuriko. Siku hizo maji ni mekundu, yanakuja na magogo, na mtu mwenye akili timamu hasogelei ukingo. Mpimaji pia hasogei, na barabara ya kumfikisha huko mara nyingi imekatika. Anakuja wiki mbili baadaye jua likiwa limetoka, anachota chupa ya maji angavu, anaipeleka maabara, na jibu linarudi kuwa sumu haikuonekana. Maabara nyingine huyachuja maji kwanza, kisha zinapima yaliyopita kwenye chujio na kutupa chujio lenyewe. Jibu ni sahihi kwa maji yale, ila limeiacha sumu ndani ya kile kilichotupwa.

Ndiyo maana naona kipimo cha maji ya kiangazi kinachotumika kuwahakikishia wananchi kuwa mto wao ni salama ni kuwapotosha, hata kama aliyekifanya alikuwa na nia njema. Sumu ya aina hii husafiri ndani ya tope, na husafiri siku ya dhoruba.

Mwaka 2004 watafiti wa California, Donald Weston na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tope la vijito vya Bonde la Kati, eneo la kilimo kikubwa kabisa katika jimbo hilo. Walichukua tope, wakaliweka pamoja na viumbe wadogo wanaofanana na kamba wanaoishi chini ya maji baridi, wakahesabu waliokufa. Katika sehemu kadhaa tope liliwaua, na katika nyingi ya hizo pairethroidi zilitosha kueleza vifo. Dawa hizi zilikuwa zimepokewa kwa furaha kwa sababu hazimdhuru mno binadamu na ng'ombe kama zile zilizotangulia. Lakini samaki na wadudu wa majini hawazivumilii hata kwa kiasi kidogo sana, na wadudu hao wanaishi ndani ya tope lenyewe.

Kinachofuata kila mvuvi anakijua bila darasa. Minyoo na viluwiluwi vya wadudu hula tope. Kambale anawala, ningu anachokonoa chini kwa mdomo, kamongo anajichimbia humo humo. Binadamu anamla kambale.

Tuliache korongo la Kihansi kwa muda, tuvuke bahari hadi visiwa vya Martinique na Guadeloupe, vilivyo chini ya Ufaransa katika Karibi. Hakuna mahali ninapopajua ambapo hadithi ya tope lenye sumu imefuatiliwa kwa uangalifu zaidi, wala ambapo watu wameumizwa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Visiwa hivyo hulima ndizi kwa wingi, na adui wa ndizi huko ni yule yule anayesumbua Bukoba na Masaka: fukusi wa migomba, anayetoboa shina chini ya ardhi hadi mgomba unaanguka kwa upepo mdogo. Mwaka 1972 wakulima waliruhusiwa kumpiga kwa klodekoni, unga uliouzwa kwa jina la Kepone. Ulitengenezwa Marekani, katika mji mdogo wa Hopewell, Virginia, na hapo ndipo matatizo yake yalipojulikana kwanza. Mwaka 1975 daktari mmoja wa eneo hilo alipeleka damu ya mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa akitetemeka mwili mzima ikapimwe, na iligundulika kuwa imejaa klodekoni. Kiwanda kilifungwa. Taka zake zilikuwa zimekwisha kuingia mto James na kushikamana na tope la chini. Desemba 1975 gavana wa Virginia aliifunga sehemu kubwa ya mto huo kwa uvuvi, na makatazo hayakuondolewa yote hadi mwaka 1988. Gharama ya kulichota tope hilo ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali iliamua kuliacha, tope jipya lilifunike taratibu.

Marekani ilisimamisha uzalishaji. Ingetarajiwa visiwa vya ndizi viachane na unga huo pia. Lakini kimbunga David kilipiga Agosti 1979, na kimbunga Allen kikapiga Agosti 1980. Mashamba yakalala chini, fukusi wakaongezeka, na mwaka 1981 wizara ya kilimo ya Ufaransa ikaruhusu klodekoni kwa jina jipya, Curlone, iliyotengenezwa kwa kemikali kutoka Brazil. Ilipigwa marufuku mwaka 1990, lakini kwa vibali maalumu iliendelea kutumika visiwani hadi 1993. Kwa jumla zilimwagwa tani 300 hivi. Wakubwa wa ofisi za Paris walikuwa na habari za Hopewell mezani kwa zaidi ya miaka kumi. Siwezi kuliandika hilo kwa utulivu.

Mwaka 1999 vipimo vilionyesha klodekoni katika vyanzo vya maji ya kunywa vya Guadeloupe. Uchunguzi wa miaka ya karibuni ulikuta alama zake katika damu ya zaidi ya watu wazima 9 kati ya kila 10 katika visiwa vyote viwili. Mwaka 2010 watafiti Luc Multigner na Pascal Blanchet na wenzao walichapisha ushahidi kuwa wanaume wa Guadeloupe wenye klodekoni nyingi zaidi katika damu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume. Uvuvi umepigwa marufuku katika mito na sehemu za pwani, na wavuvi ambao hawajawahi kushika mfuko wa Curlone ndio waliopoteza kazi. Mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa mwaka 2006 yalifutwa Januari 2023, bila mtu yeyote kufikishwa kizimbani.

Kwa miaka mingi watu walijiliwaza kwa hoja moja: udongo wa volkano wa visiwani hushika klodekoni kwa nguvu sana, basi na ikae humo, ivuje kidogo kidogo. Kisha mtafiti Pierre Sabatier na wenzake walitoboa tope mbele ya midomo ya mito miwili, mto Pérou kule Guadeloupe na mto Galion kule Martinique, na kutoa mihimili mirefu ya tope. Walisoma tabaka zake mwaka baada ya mwaka, kutoka juu hadi chini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, miaka kadhaa baada ya klodekoni kuacha kutumika, tope linalofika baharini liliongezeka mno, na klodekoni ikaongezeka nalo. Walichokiona katika tabaka hizo hizo ni kuwasili kwa glaifoseti. Dawa ya magugu ilikuwa imeondoa nyasi kati ya migomba, ardhi ikabaki wazi, na mvua za kitropiki zikauchukua udongo ambao hadi wakati huo ulikuwa umetulia. Dawa moja, isiyo na uhusiano wowote na fukusi, iliifungulia njia sumu ya zamani.

Narudia kuisoma sehemu hiyo kwa sababu inatuhusu sana. Kupiga marufuku hakutoshi kama udongo haukuzuiwa. DDT tuliitumia kwenye pamba na kwenye kahawa. Endosulfani, iliyoingizwa katika orodha ya kemikali za kukomeshwa ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011, wakulima wetu waliijua kwa majina yake ya dukani. Kule Vikuge, wilaya ya Kibaha, shehena ya viuatilifu ambavyo baadhi vilikuwa vimekwisha muda iliyoletwa kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986 ilihifadhiwa katika banda lililokuja kuanguka, mvua ikapiga mifuko. Mabaki yalizolewa miaka ya 1990, lakini watafiti waliorudi baadaye walikuta udongo bado umejaa DDT. Mifuko iliondoka, na shamba likabaki na sumu yake.

Udongo ukishafika mtoni hauzoleki. Wenye mto James walilijua hilo kwa uchungu. Kwa hiyo kazi yote ya maana iko juu, shambani, na habari njema ni kwamba kazi hiyo inawezekana.

Bonde la mto Yakima, katika jimbo la Washington, hulima tufaha, zabibu na mazao mengine kwa umwagiliaji. DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, lakini miaka ishirini baadaye samaki wa Yakima bado walikuwa miongoni mwa wenye DDT nyingi zaidi nchini humo, na mwaka 1993 idara ya afya iliwaonya watu wapunguze kula samaki wa chini ya mto. Maji ya mifereji yalikuwa yakiosha udongo wa mashamba ya zamani. Kupima DDT ni ghali. Waliokaa pamoja, maofisa na wakulima, waligundua kuwa hawakuhitaji kupima DDT kila siku. Tope na DDT vilikuwa vinasafiri pamoja, basi wapime tope. Waliweka kikomo cha tope linaloelea ambacho kila mfereji unaorudi mtoni haukutakiwa kukivuka. Wakulima wakaacha umwagiliaji wa mifereji ya wazi na kwenda kwenye matone na mabomba ya kunyunyizia, wakachimba mabwawa madogo ya kutulizia tope, wakaacha nyasi kandokando. Mto ulianza kuangaza baada ya miaka michache, na DDT katika samaki ikashuka hadi ile tahadhari ikaondolewa.

Kifaa cha kupimia tope hakihitaji maabara. Ni bomba jembamba linaloonyesha ndani, lenye alama nyeusi na nyeupe chini. Unamimina maji hadi alama isionekane tena kwa jicho, unasoma urefu wa maji. Shule yoyote ya sekondari kando ya mto inaweza kufanya hivyo wakati wa mvua, ikisimama juu ya daraja na kushusha ndoo kwa kamba. Daftari moja la namna hiyo, likijazwa misimu mitatu mfululizo, lingetueleza ni kijito kipi hasa kinachotoa udongo, na kutoka upande upi wa mlima.

Kuhusu kuzuia udongo, hatuhitaji kwenda Washington. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa ngoro kwa vizazi vingi. Nyasi hukatwa na kulazwa ardhini kwa mistari inayokatana, miraba ikajitokeza. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya nyasi. Mteremko mzima unageuka kuwa mashimo yenye kuta, kila shimo likinywa mvua yake, na nyasi zinaoza chini ya maharage na mahindi zikawa mboji. Mvua inayonyesha kwenye ngoro haipati nafasi ya kukimbia. Ukisimama upande wa pili wa bonde na kuona kilima chote kimefumwa namna hiyo, unatambua kuwa elimu hii ilijengwa na watu waliouangalia mlima wao kwa makini, mvua baada ya mvua.

Tunayo pia kumbukumbu ya namna isiyofaa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwao. Udongo wa juu Uluguru si mnene. Matuta yale yaliufukia na kuleta juu udongo usio na rutuba, kazi ilikuwa ya shuruti, na mwaka 1955 wananchi walikataa. Polisi wakafyatua risasi, na mtu akauawa. Mpango ukafa. Kila ofisa wa leo anayeshuka kijijini na amri ya matuta, bila kuuliza udongo wa pale unataka nini, afikirie Uluguru kwanza. Mahali pengine dawa itakuwa ukanda wa matete kando ya kijito, kwingine kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma, kwingine kusogeza siku ya kupulizia ili isiwe usiku wa kuamkia mvua kubwa. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na utabiri wa hali ya hewa sasa unafika kwenye simu.

Chura wa Kihansi, kwa bahati, alikuwa na wale wachache waliopelekwa New York. Walizaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2012 wengine wamekuwa wakiachiwa korongoni kwa majaribio. Juhudi hizo zinastahili heshima kubwa. Hata hivyo, mahindi ya juu ya mto bado yanapuliziwa, na udongo bado unateremka.

Unateremka kwenda mbali zaidi ya korongo. Kihansi humwaga maji yake Kilombero, Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji, na Rufiji sasa umezuiwa na bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Ruaha Mkuu nao huingia humo, ukiwa umepita karibu na mpunga wa Usangu na miwa ya Kilombero. Tope ambalo zamani lilikwenda kulisha mikoko na kamba wa delta, sehemu yake kubwa sasa inatulia nyuma ya ukuta huo, na kila mafuriko yanaongeza tabaka.

Watafiti wa Martinique walilazimika kusoma tope la miaka arobaini iliyopita ili wajue kilichowapata. Sisi tunaweza kuanza tangu tabaka la kwanza. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi ya taasisi ya utafiti ya Arusha, na tunayo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa. Kinachohitajika ni boti, bomba la kutobolea tope, jokofu la kuhifadhia sampuli na bajeti ya kuzipima kila mwaka baada ya mvua: tope la Kihansi, tope la mdomo wa Kilombero, tope la bwawa jipya, na kambale kutoka kila sehemu. Matokeo yasikae kwenye ripoti ya Kiingereza katika kabati la wizara. Yabandikwe kwenye mialo ya Ifakara na Utete, kwa Kiswahili, yakitaja samaki kwa majina ambayo wavuvi wenyewe wanawaita.